Francis William Aston

Francis William Aston (1 Septemba 1877 – 20 Novemba 1945) alikuwa mwanakemia na mwanafizikia kutoka nchi ya Uingereza. Anajulikana hasa kwa kubuni spektrografu ya masi, yaani chombo kinachotenganisha atomu na molekuli kufuatana na masi zao baada ya kuzigeuza kuwa ioni. Kwa chombo hicho alionyesha kwamba elementi nyingi za kawaida ni mchanganyiko wa isotopi. Mwaka 1922 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Vyombo vilivyotokana na kazi yake huitwa leo spektromita za masi. Hutumiwa kuchunguza maji, dawa, vyakula, plastiki, damu na miamba. Umri wa tabaka la mwamba ambamo fuvu la Zinjanthropus lilipatikana huko Oltupai (Olduvai), Tanzania, ulipimwa kwa chombo cha aina hiyo.

Maisha ya awali

Aston alizaliwa Harborne, mahali ambapo leo ni sehemu ya jiji la Birmingham. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa William Aston, mfanyabiashara wa metali na mkulima, na mkewe Fanny Charlotte Hollis, binti wa mtengenezaji wa bunduki. Alisoma katika shule ya Harborne, kisha katika Malvern College.

Mwaka 1893 alijiunga na Mason College, chuo ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Birmingham. Alifundishwa fizikia na John Henry Poynting, na kemia na Percy Frankland. Nyumbani kwa baba yake alijitengenezea maabara ndogo na kufanya majaribio yake mwenyewe. Huko alijifunza pia kufua metali na kupuliza kioo. Ustadi huo wa mikono ulimsaidia maisha yake yote, kwa sababu vyombo alivyovihitaji baadaye havikuuzwa dukani, ilimlazimu kuvitengeneza.

Kuanzia mwaka 1900 alifanya kazi kwa miaka mitatu kama mwanakemia katika kiwanda cha pombe. Wakati huohuo aliendelea kujifunza fizikia. Ugunduzi wa eksirei mwaka 1895 ulikuwa umemvuta kuelekea uchunguzi wa umeme unaopita ndani ya gesi. Mwaka 1903 alipata ufadhili wa kurudi chuoni Birmingham, akachunguza neli za kioo zilizopunguzwa hewa na kupitishiwa umeme. Ndani yake aliona eneo jembamba lenye giza karibu na kathodi, ambalo hadi leo huitwa eneo la giza la Aston.

Baba yake alipofariki, Aston alitumia sehemu ya urithi wake kusafiri kuzunguka dunia. Mwaka 1910 alihamia Cambridge kwa mwaliko wa Joseph John Thomson, mgunduzi wa elektroni, akawa msaidizi wake katika Maabara ya Cavendish.

Fumbo la neoni

Wakati huo Thomson alikuwa akichunguza mionzi chanya. Gesi kidogo ikiwekwa ndani ya neli ya kioo na kupitishiwa umeme wa volti nyingi, baadhi ya atomu zake hupoteza elektroni na kubaki na chaji chanya. Atomu au molekuli yenye chaji huitwa ioni, na kitendo cha kuifanya iwe hivyo huitwa uionishaji.

Uionishaji ndio mlango wa kazi yote iliyofuata. Atomu isiyo na chaji haivutwi na uga wa umeme wala kupindwa na sumaku, kwa hiyo haiwezi kuongozwa njia. Ioni huweza kusukumwa, kupindwa na kuelekezwa. Ioni nyepesi hupindwa kwa urahisi, na ioni nzito hupindwa kidogo. Kwa kupima jinsi ilivyopinda, mtafiti hujua masi yake.

Mwaka 1912 Thomson na Aston walitia neoni katika chombo chao. Uzani atomia wa neoni ulijulikana kuwa 20.2. Badala ya alama moja, bamba la picha lilionyesha mbili: moja kwa masi ya 20, na nyingine hafifu kwa masi ya 22. Thomson alifikiri kwamba alama ya pili huenda ilitokana na kampaundi isiyojulikana. Aston alianza kuamini kwamba neoni yenyewe ina atomu za aina mbili.

Ili kuhakikisha, alijaribu kutenganisha aina hizo kwa kupitisha neoni mara nyingi katika vitundu vidogo vya udongo wa kiko, ambamo gesi nyepesi hupenya upesi zaidi kuliko nzito. Alitengeneza pia mizani ndogo ya kwazi kupima uzito wa gesi kidogo sana. Alipata tofauti, lakini ilikuwa ndogo mno kuwashawishi wote. Mwaka huo wa 1913 Frederick Soddy alileta neno isotopi kwa atomu za elementi moja zenye masi tofauti, ila yeye alizungumzia elementi nururifu. Swali la kama elementi za kawaida nazo zina isotopi lilibaki wazi.

Vita na utafiti wa vitambaa vya ndege

Vita Kuu ya Kwanza ilisimamisha kazi hiyo. Aston alipelekwa Farnborough, kwenye taasisi ya serikali iliyotengeneza ndege. Mabawa ya ndege za wakati ule yalifunikwa kwa kitambaa, na kitambaa kilipakwa dawa ya kukikaza iliyotengenezwa kutokana na selulosi. Aston alichunguza dawa hizo na jinsi zilivyoharibiwa na hali ya hewa. Mwaka 1914 alinusurika katika ajali ya ndege ya majaribio.

Selulosi ni polima, yaani molekuli ndefu iliyojengwa kwa kurudia kipande kilekile mara nyingi. Ni selulosi hiyohiyo inayozipa nguvu nyuzi za katani, zao lililofanya Kigombe na sehemu nyingine za mkoa wa Tanga zijulikane. Aston hakuwa na njia ya kupima masi ya molekuli kubwa kama hiyo. Njia hiyo ilipatikana miongo mingi baada ya kifo chake.

Spektrografu ya masi

Mwaka 1919 Aston alirudi Cambridge na kukamilisha spektrografu yake ya kwanza. Katika chombo cha Thomson ioni za masi moja zilitawanyika na kuchora mstari mrefu uliopinda, kwa sababu hazikuwa na kasi moja. Aston aliziongoza kwanza kupitia uga wa umeme, kisha uga wa sumaku uliozipinda upande wa pili. Alipanga nyuga hizo mbili kwa namna ambayo ioni zenye masi moja zilikutana mahali pamoja kwenye bamba la picha, hata kama kasi zao zilitofautiana. Hivyo alama hafifu iligeuka kuwa mstari mkali, na masi iliweza kupimwa kwa usahihi wa karibu sehemu 1 kwa 1,000.

Neoni ilithibitishwa kuwa na isotopi za 20 na 22. Iliyofuata ilikuwa klorini. Wanakemia walikuwa wamesumbuliwa kwa muda mrefu na uzani wake wa 35.46, ambao hauko karibu na namba nzima yoyote. Aston hakuona atomu yoyote ya masi hiyo. Aliona atomu za 35 na za 37. Zile za 35 ni karibu mara tatu ya zile za 37, na 35.46 ni wastani tu. Mtu akianika maji ya bahari huko Kigombe mpaka yabaki chumvi, kila chembe ya chumvi hiyo ina klorini za aina zote mbili kwa uwiano huohuo.

Mwaka 1920 alionyesha pia kwamba arigoni ina isotopi za 40 na 36. Kutokana na matokeo hayo alitoa kanuni ya namba nzima: kama masi ya oksijeni huhesabiwa kuwa 16, masi za isotopi nyingine ziko karibu sana na namba nzima. Kwa kazi hiyo alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1921, na mwaka uliofuata alipata Tuzo ya Nobel.

Njia zake za kupata ioni

Neli ya umeme ilifaa kwa gesi na kwa vitu vinavyotoa mvuke kwa urahisi. Elementi nyingi, hasa metali, hazikuwa hivyo. Kwa sababu hiyo maendeleo ya Aston yalifuata hatua kwa hatua njia za uionishaji alizoweza kupata. Alitumia hasa njia tatu:

- Gesi na mvuke. Gesi kama neoni, klorini na arigoni, pamoja na mvuke wa zebaki, zilitiwa moja kwa moja katika neli.
- Kampaundi zenye kutoa mvuke. Metali iliyokataa kuwa mvuke iliunganishwa na vitu vingine ili kampaundi yake iwe mvuke. Nikeli aliichunguza kwa njia hiyo kama kampaundi yake na monoksidi ya kaboni, na mwaka 1927 risasi (plumbi) kama kampaundi yenye vikundi vinne vya methili. Kampaundi zote mbili ni sumu kali.
- Mionzi ya anodi. Chumvi za metali zilichanganywa na grafiti na kuwekwa kwenye anodi. Zilipopata joto, ioni za metali zilitoka zenyewe. Kwa njia hiyo, mwaka 1921, Aston na George Paget Thomson, mwana wa J. J. Thomson, walionyesha isotopi za lithi, 6 na 7. Baadaye ilitumika kwa metali nyingine nyingi.

Huko Chicago, Arthur Jeffrey Dempster alikuwa ametangaza mwaka 1918 chombo cha aina nyingine. Yeye alipata ioni kwa kupasha moto chumvi na kuzipiga kwa elektroni. Wawili hao walifanya kazi wakati mmoja, na njia ya kupiga kwa elektroni ndiyo iliyoenea zaidi baadaye.

Urani ilionyesha jinsi matokeo yalivyotegemea chanzo cha ioni. Mwaka 1931 Aston alitumia heksafloridi ya urani, ambayo hutoa mvuke kwa urahisi, akapata mstari mmoja tu wa masi ya 238. Isotopi adimu ya 235 haikuonekana. Dempster aliipata mwaka 1935 kwa kutumia cheche ya umeme kati ya vipande vya metali. Isotopi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa nishati ya nyuklia.

Kwa jumla Aston aligundua isotopi 212 zinazopatikana katika maumbile.

Masi inayopotea

Spektrografu ya pili, iliyoanza kazi mwaka 1925, ilipima kwa usahihi wa karibu sehemu 1 kwa 10,000. Kwa usahihi huo ilionekana wazi kwamba namba nzima si nzima kabisa. Tofauti hizo ndogo Aston alizieleza katika mhadhara wake mbele ya Royal Society mwaka 1927.

Mfano mkubwa ulikuwa hidrojeni, ambayo kwa kipimo cha wakati huo ilikuwa na masi ya 1.008. Atomu nne za hidrojeni zina masi ya 4.032, lakini atomu ya heli ina masi ya 4 hivi. Kama heli inajengwa kwa hidrojeni nne, karibu sehemu 8 katika 1,000 hupotea. Kwa kanuni ya Albert Einstein, masi iliyopotea imekuwa nishati. Tayari mwaka 1920 Arthur Eddington alitumia kipimo cha Aston kueleza kwamba huenda Jua linang'aa kwa kugeuza hidrojeni kuwa heli. Wazo hilo lilithibitishwa baadaye.

Aston aliona faida na hatari ya jambo hilo. Katika hotuba yake ya Nobel alieleza kwamba hidrojeni iliyomo katika maji kidogo tu ingetoa nishati kubwa ajabu, na kwamba nguvu hiyo ingeweza pia kuponyoka mikononi mwa wanaoitafuta. Mwaka 1936 alisema tena kwamba siku moja binadamu ataifungua nishati hiyo, na kwamba hakuna wa kumzuia. Lililobaki ni kutumaini kwamba hataitumia kumwangamiza jirani yake. Aliishi hadi kuona mabomu ya Hiroshima na Nagasaki Agosti 1945. Urani 235 ya bomu la Hiroshima ilitenganishwa kwa sehemu kubwa kwa mitambo iliyotumia kanuni ya spektrografu ya masi.

Kosa lililozaa ugunduzi

Aston alichagua oksijeni 16 kuwa kipimo cha kulinganishia akiamini kwamba oksijeni ina isotopi moja tu. Mwaka 1929 William Giauque na Herrick Johnston wa Marekani waligundua oksijeni 17 na 18. Maana yake ni kwamba kipimo cha Aston na kile cha wanakemia havikuwa sawa, ingawa thamani zao za hidrojeni zililingana. Raymond Birge na Donald Menzel walieleza kwamba ulinganifu huo ungewezekana tu kama kuna hidrojeni nzito. Harold Urey aliitafuta na kuipata mwishoni mwa mwaka 1931. Ndiyo deuteri, iliyompatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1934. Baadaye Aston alipima upya na kuona kwamba kipimo chake cha kwanza cha hidrojeni kilikuwa na kosa dogo. Kama kingekuwa sahihi tangu mwanzo, sababu ya kuitafuta deuteri wakati ule isingekuwapo.

Maisha binafsi na kifo

Aston hakuoa. Kuanzia mwaka 1920 aliishi katika Trinity College, Cambridge, kama mwanachama wa chuo hicho. Alizoea kufanya kazi peke yake. Alipenda michezo, hasa kuteleza kwenye theluji na tenisi, na alipiga piano, fidla na selo. Alikuwa pia mpiga picha hodari, akasafiri na misafara ya wanasayansi kutazama kupatwa kwa Jua huko Sumatra mwaka 1926, Kanada mwaka 1932 na Japani mwaka 1936.

Alifariki Cambridge tarehe 20 Novemba 1945, akiwa na umri wa miaka 68.

Urithi wake

Umri wa miamba

Mwaka 1929 Aston alichunguza risasi iliyotoka katika madini yenye urani. Ernest Rutherford alitumia matokeo hayo kukadiria kwamba umri wa Dunia hauzidi miaka bilioni 3.4. Leo inajulikana kuwa ni takriban bilioni 4.5, lakini njia ya kupima umri kwa isotopi ilikuwa imefunguliwa.

Njia hiyo ilifika Afrika ya Mashariki. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey alipata fuvu la Zinjanthropus huko Oltupai. Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichukua sampuli za miamba ya volkeno ya mahali hapo. Ndani ya miamba hiyo potasiamu 40 hugeuka polepole kuwa arigoni 40. Gesi ilitolewa kwa joto, ikageuzwa kuwa ioni, na arigoni yake ikapimwa. Arigoni 36 ilionyesha ni kiasi gani cha gesi hiyo kilitoka hewani tu, ili kiondolewe katika hesabu. Jibu, lililotangazwa mwaka 1961, lilikuwa takriban miaka milioni 1.75, umri mkubwa kuliko wengi walivyodhani. Isotopi hizo mbili za arigoni ni zile ambazo Aston alizionyesha mwaka 1920.

Molekuli ndogo na polima

Baada ya Aston, watafiti waliendelea kutafuta njia mpya za uionishaji, kwa sababu kila njia ina mipaka yake.

Kwa molekuli ndogo zinazoweza kuwa mvuke, njia ya kawaida ni kuzipiga kwa elektroni, mara nyingi zenye nishati ya elektronivolti 70. Pigo hilo huondoa elektroni moja na kuivunja molekuli vipande vipande. Mpangilio wa vipande hutambulisha molekuli kama alama ya kidole inavyomtambulisha mtu. Kasoro yake ni kwamba molekuli nzima inaweza kupotea kabisa. Mwaka 1966 Burnaby Munson na Frank Field walieleza njia ya upole zaidi, ambamo ioni za gesi kama methani huipa molekuli chaji bila kuivunja sana.

Polima na protini hazitoi mvuke. Zikipashwa moto huungua. Mwaka 1968 Malcolm Dole alijaribu kunyunyiza myeyusho wa polistireni kwa umeme ili matone yakauke na kuacha molekuli zenye chaji. John Fenn aliikamilisha njia hiyo katika miaka ya 1980. Katika miaka hiyohiyo Koichi Tanaka wa Japani, na Michael Karas pamoja na Franz Hillenkamp wa Ujerumani, walitumia leza kurusha molekuli kubwa zilizochanganywa na kitu cha kufyonza mwanga wake. Fenn na Tanaka walipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2002.

Njia ya leza hupendwa kwa polima kwa sababu ioni nyingi hubeba chaji moja tu. Matokeo huonekana kama safu ya mistari iliyoachana kwa masi ya kipande kinachorudiwa, kwa mfano 104 kwa polistireni. Kwa molekuli ndogo sana haifai vizuri, kwa kuwa kitu kinachofyonza mwanga hutoa mistari yake mwenyewe katika masi ndogo. Njia ya kunyunyiza hutoa ioni zenye chaji nyingi kwa pamoja. Hufaa kwa protini na dawa zilizoyeyushwa, lakini kwa polima yenye urefu mbalimbali mistari huweza kuingiliana.

Kreta moja kwenye Mwezi imepewa jina la Aston kwa heshima yake.